Vugo Katika Nyumba ya Kimya

Nyumba ya Bi Nabiha binti Sheikhan ilikuwa upande wa Kizingo, Mombasa, mbali na mji. Mwaka ule wa 1908 Kizingo palikuwa na mashamba na vichaka kuliko watu. Marehemu mumewe aliijenga kwa mawe na boriti nene, akaipa ghorofa moja juu na madirisha mapana yaliyopokea upepo wa bahari kutwa kucha, na kisima cha maji matamu nyuma. Mume alipofariki, wanawe walimsihi arudi Mji wa Kale akae karibu nao. Akakataa. Alisema mjini kuna mbu na kuna umbea, na kati ya hivyo viwili mbu ni afadhali.

Lakini nyumba kubwa humlemea mtu mmoja. Kwa hiyo aliipangisha ghorofa ya juu kwa mwanamke wa Kiingereza wa misheni, Bibi Palfrey, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuwapumzisha watu wa Mungu: wamisionari waliochoshwa na homa, walimu wa Kikristo kutoka bara, na wasafiri wanaongoja meli au gari la moshi. Bi Nabiha alikubali kwa masharti. Nguruwe asiingie wala kileo kisiingie. Na juu ya kichwa chake pasiimbwe.

"Hata wimbo mmoja?" Bibi Palfrey aliuliza. Kiswahili alikijua vizuri; alikuwa amekaa miaka mingi Kisauni.

"Mimi naswali tini, nawe waimba juu," Bi Nabiha alisema. "Tutamchanganya Mwenyezi Mungu bure."

Bibi Palfrey alihuzunika. Nyumba ya Wakristo isiyo na nyimbo ni mchuzi usio na nazi. Akafikiri, akafikiri tena, kisha akawatangazia watu wa misheni kwamba amefungua nyumba ya mafungo ya kimya. Mgeni angeingia Alhamisi, anyamaze, asali moyoni, atembee bustanini kati ya michungwa na miasmini, na asiufungue mdomo wake ila kwa chakula mpaka Jumapili asubuhi. Akiwa na haja, kulikuwa na vibao vya kuandikia kwa chaki.

Watu wakaja. Tena wakaja wengi. Walirudi makwao wakisema kwamba Mungu hunena wazi zaidi Kizingo kuliko mahali pengine popote, na sifa ya nyumba ikaenda Rabai, Taita na Ukambani. Hakuna mgeni aliyejua kwamba utakatifu ule wote ulitokana na usingizi wa mchana wa bibi mmoja wa Kiislamu.

Mapenzi alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mpishi na mtunza nyumba, na siku ya masharti alikuwepo akipokeza kahawa. Alikuwa mwanamke wa Rabai, Mkristo wa kuzaliwa, mrefu, mwenye mikono ya kazi na uso usiosema mambo yake. Mumewe, Chirau, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani Rabai. Watu walisema Chirau na mkewe wakiimba pamoja hata popo wa darini hutulia. Kisha ndui ikamchukua. Siku ya maziko Rabai nzima iliimba, na Mapenzi alipofumbua kinywa hakikutoka kitu. Tangu hapo kila wimbo wa kanisa ulikuwa kwake kama mtu anayefungua mlango wa chumba na kumwonyesha kiti kitupu. Aliposikia kuna nyumba Mombasa ambayo watu hawaimbi, alifunga mtumba wake akashuka.

Bibi Palfrey alidhani mpishi wake anapenda kimya kwa ajili ya uchaji. Mapenzi hakumsahihisha.

Mwaka ule masika yalipiga bila huruma. Katikati ya mvua hizo, alikuja Awadh, mwana mkubwa wa Bi Nabiha, kanzu yake imejaa tope mpaka magotini. Dari ya nyumba yake ya Mji wa Kale ilikuwa imeanguka. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, lakini ukumbi wote ulikuwa udongo na boriti, na binti yake Alawiya alikuwa aolewe wiki ile. Watu walikwisha alikwa. Wanaume wangefungia nikaha msikitini, hilo halikuwa tatizo. Lakini wanawake wangekaa wapi?

Asubuhi yake Bi Nabiha aliingia jikoni.

"Sabalkheri, Mapenzi."

"Sabalkheri, Bi Nabiha. Umeamkaje?"

"Nimeamka na harusi. Ijumaa, baada ya alasiri, wanawake watakuja hapa kumpigia mjukuu wangu vugo."

Mapenzi aliweka mwiko chini. "Bi Nabiha, wageni wa mafungo wanaingia Alhamisi."

"Basi tutakuwa wengi," Bi Nabiha alisema, akachukua kipande cha muhogo wa kuchemsha na kwenda zake.

Mapenzi alipanda ngazi kupeleka habari. Bibi Palfrey alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, halafu akashuka mwenyewe. Walikaa ukumbini, yeye na mwenye nyumba, sinia ya kahawa katikati yao, na Mapenzi kando.

"Bi Nabiha," Bibi Palfrey alianza kwa upole, "tulipatana kwamba katika nyumba hii hapataimbwa."

"Tulipatana kwamba nyinyi hamtaimba," Bi Nabiha alisema kwa upole vilevile. "Mimi sikuahidi kitu. Ongeza kahawa."

Bibi Palfrey alijaribu njia nyingine. Je, vugo haliwezi kusogezwa mpaka Jumatatu? Bi Nabiha aliuliza kama mafungo hayawezi kusogezwa mpaka Jumatatu. Haikuwezekana, wageni wengine walikuwa wamekwisha panda gari la moshi. Basi wakatazamana, wakanywa kahawa yao mpaka ikaisha, na kila mmoja akasimama akijua kwamba mwenzake hana ubaya ila hana njia.

Ngazini Bibi Palfrey alimgeukia Mapenzi. "Hilo vugo lina kelele?"

"Ni pembe za nyati, Bibi. Zinapigwa kwa vijiti."

"Na wanakuja wanawake wangapi?"

Mapenzi alifikiri jinsi ya kumpunguzia. "Mji mzima, Bibi," alisema mwishowe.

Alhamisi wageni waliingia. Kati yao alikuwamo padre mzee wa Kiingereza, Bwana Lowther, aliyemaliza zaidi ya nusu ya umri wake katika nchi ya Taita na sasa alikuwa akingoja meli ya kumrudisha kwao asikokujua tena. Na alikuwamo Mwikali, mke wa mwalimu kutoka Ukambani, mama mchangamfu ambaye mumewe alimleta kwa mafungo akisema, kwa utani usio utani kamili, kwamba kimya kitamfaa. Bibi Palfrey aliwakaribisha, akasali nao, akawaeleza desturi ya nyumba. Kuhusu Ijumaa aliwaambia tu kwamba huenda wakasikia furaha ya majirani. Kisha wakanyamaza.

Ijumaa ilipopambazuka mvua ilikuwa imekatika na bustani yote inanukia. Tangu asubuhi wanawake wa nyumba ya Awadh walikuwa uani wakipepeta mtele na kukaanga vitunguu. Mapenzi alikuwa na sufuria yake ya kunde zilizochemshwa kwa chumvi, kwa kuwa Ijumaa ya mafungo haikuwa na nyama. Harufu ya pilau ikapanda ngazi, ikaingia vyumbani, ikawakuta watu wa Mungu wamepiga magoti. Mapenzi alipopeleka kunde mezani, padre Lowther alizitazama kwa muda mrefu, akavuta kibao chake, akaandika kwa mwandiko uliopinda: "Hiyo harufu ni ya nini?"

Mapenzi alichukua chaki, akaandika: "Harusi."

Padre alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia msiba, akachota kunde.

Baada ya alasiri wanawake walianza kufika, makundi kwa makundi, wamejifunika njia nzima, na wakishapita mlango wakijifunua kwa leso mpya, dhahabu, asmini na mashairi ya kutaniana. Pembe zilitolewa katika makapu. Bibi harusi, Alawiya, alikaa nyuma ya pazia, mikono na miguu imejaa hina, hathubutu kucheka. Upande mmoja walikaa watu wa mume, shangazi zake mbele, wamenyooka kama waliokuja kukagua.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Bi Zubeida hana sauti.

Bi Zubeida ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa mji. Hakuna vugo lililopigwa bila yeye. Lakini alinyeshewa siku mbili nyuma, na alipofumbua kinywa akatoa mlio wa kuku anayeatamia. Walimpa tangawizi na asali. Akajaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Akajipiga kifua kwa aibu, akaashiria kwamba mwingine ashike.

Mmoja akashika. Alianza juu mno, wote wakashindwa kumfuata, wimbo ukaning'inia hewani ukafa. Wa pili alianza vizuri, akasahau. Pembe bila mwimbishaji ni mifupa inayogongana tu, na shangazi mmoja wa bwana harusi alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika: "Labda kwao huolewa kimya kimya. Si nyumba ya mafungo?"

Nyuma ya pazia Alawiya alisikia. Na Bi Nabiha alisikia.

Akaenda jikoni moja kwa moja. Mapenzi alikuwa ameinamia mbuzi ya kukunia nazi.

"Ndoo, twende."

"Niende wapi, Bi Nabiha?"

"Ukumbini. Ukaimbishe."

Mapenzi aliinua uso. "Mimi siimbi."

"Sikukuuliza kama waimba. Mwezi wa Rajabu ulikuwa hapo hapo ulipo, wakuna nazi hivyo hivyo, ukajisahau. Ilikuwa kidogo tu, lakini nilikusikia. Nikawata kuswali sunna, nikasimama nyuma ya mlango, Mungu anisamehe."

"Bi Nabiha, mimi ni Mkristo."

"Vugo si swala. Na anayeolewa si wewe."

"Bibi Palfrey atanifukuza."

"Akufukuze kutoka wapi? Nyumba ni yangu."

Mapenzi alitaka kucheka na kulia. Akatikisa kichwa. Alisema, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote katika nyumba ile: "Nilikuwa nikiimba na mume wangu. Tangu afe sina wimbo. Usinilazimishe, mama yangu."

Bi Nabiha naye alikuwa mjane. Alijua mahali pasipogongwa mara mbili. Alimgusa bega, akageuka aende kuipokea aibu yake mwenyewe.

Ukumbini walikuwa wanajaribu kwa mara nyingine. Mwanamke wa tatu alianza wimbo wa kumtoa mwali, wimbo mkongwe, na Mapenzi aliutambua kabla ya neno la pili. Mama yake aliuimba akitwanga, akifua, akimsuka nywele. Rabai nzima ilikuwa na nyimbo za kanisa, lakini nyuma ya nyumba yao, mbali na masikio ya wazee wa kanisa, kulikuwa na huu. Yule mwanamke alifika katikati, akayumba. Akarudia. Akayumba tena palepale.

Hata baadaye Mapenzi hakuweza kueleza alivyofika mlangoni. Alijua tu kwamba mkononi alikuwa bado na kifuu cha nazi, kwamba nyuso zote zilimgeukia, na kwamba kinywa chake kilikuwa wazi na safari hii kilikuwa kinatoa kitu.

*Fungua mlango, somo, mwana na atoke nje,*
*Asmini imechanua, upepo nao uje;*
*Mwenye kungoja gizani leo na apambike,*
*Hata palipo kufuli, siku yake ifike.*

Sauti ilianza na kutu. Haikuwa imetumiwa siku nyingi, ikakwaruza mstari wa kwanza. Wa pili ikapanda. Bi Zubeida, aliyekuwa amejiinamia pembeni, alirusha kichwa juu, akanyakua pembe na kijiti, akagonga. Jirani yake naye akagonga, kisha safu yote. Wanawake walipokea kiitikio kwa nguvu hata njiwa waliokuwa kwenye paa wakaruka, na Mapenzi alitembea mpaka katikati ya ukumbi akiwa na kifuu chake, machozi yanamtiririka na sauti haitetemeki hata kidogo. Chirau alikuwepo. Kiti hakikuwa kitupu. Au kilikuwa kitupu, lakini aliweza kukitazama na kuendelea kuimba.

Juu, kimya kilikuwa kinapigana vita.

Mwikali alikuwa amepiga magoti. Mabega yalianza kucheza yenyewe, akayashika. Miguu ikaanza. Alisimama, akamwendea Bibi Palfrey aliyekuwa ameketi wima dirishani na macho yamefungwa, akamgusa. Akaonyesha sakafu kwa kidole. Akaonyesha kifua chake. Akakunja mikono kwa kuomba. Bibi Palfrey alitikisa kichwa: hapana. Mwikali akaonyesha mbinguni, akaweka mkono sikioni kama anayesema huko juu nako wanasikiliza. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwita kwa sauti, akashuka.

Bibi Palfrey alichukua kibao chake, akamfuata. Alikuwa amekasirika kwa kiasi anachoruhusiwa mtu aliye mafungoni. Njiani aliandika kwa herufi kubwa: "TAFADHALI, KIDOGO." Alifika mlango wa ukumbi na kibao ameshika kifuani, tayari kukiinua.

Hapo akamwona mwimbishaji.

Kwa miaka yote aliyokaa naye hakuwahi kumsikia Mapenzi akiimba hata nusu ya wimbo. Alikuwa amemsifia kwa wageni: tazameni mwanamke huyu, moyo wake umetulia. Sasa alimwona amesimama kati ya pembe za nyati, uso umelowa, kichwa kimeinuka, na Bibi Palfrey, ambaye hakuwa mjinga, alielewa kwamba ule haukuwa utulivu. Kibao kikashuka taratibu mpaka kikagusa gauni.

Mwanamke mmoja mnene, mcheshi, alimwona Mzungu amesimama mlangoni mikono haina kazi. Akamvuta ndani, akampokonya kibao, akampa pembe na kijiti. Bibi Palfrey aliduwaa. Angekataa, lakini kukataa kwataka maneno, na yeye alikuwa amefunga kunena. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Mwikali alikuwa tayari katikati anacheza, mabega yanakwenda Kikamba ndani ya vugo la Mvita, na wanawake wanamshangilia kwa vigelegele. Bibi Palfrey akagonga pembe, kwa woga. Akagonga tena. Alikuwa na mkono wa kinanda. Alishika mapigo kuliko wengi.

Shangazi wa bwana harusi walikuwa wamesimama wote. Yule aliyenong'ona ndiye aliyekuwa akitupa asmini kwa wingi kuliko wote.

Baadaye, watu wakila, Mapenzi alirudi jikoni akakaa juu ya kigoda. Bi Nabiha alimfuata na birika. Alisimama akimtazama.

"Mistari miwili ya mwisho," alisema. "Ile ya giza na kufuli. Sisi hatuna hiyo. Umeipata wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yako aliupata wapi wimbo wa Mji wa Kale?"

"Alikuwa kijakazi huko, kabla hajakimbilia Rabai. Aliwapigia mabibi zake pembe katika harusi zao. Mistari hiyo aliitia mwenyewe."

Uani walikuwa wakicheka na kugombea ukoko. Bi Nabiha aliuliza polepole, "Alikuwa nyumba ya nani?"

"Hakuitaja, Bi Nabiha. Mpaka anakufa hakuitaja."

Bi Nabiha alitazama sakafu. Angeweza kusema mengi. Watu wa rika lake walikuwa na maneno tayari kwa jambo lile, kwamba zama zilikuwa zama, kwamba watumwa walilishwa na kuvishwa. Midomo yake ilijaribu moja kati ya maneno hayo, ikaliacha.

"Nasi tulikuwa nao," alisema.

"Najua."

Bibi yule, ambaye katika umri wake wote hakuna aliyemwona akimhudumia mtu asiye mgeni wa heshima, aliketi kwenye kigoda cha pili, akamimina kahawa, akamwekea Mapenzi kikombe mkononi, kisha halua. Walikunywa pamoja bila neno, na hicho, ukitaka kujua, ndicho kilichokuwa kimya kirefu kuliko vyote katika mafungo yale.

Jumapili asubuhi kimya kiliisha kwa desturi. Bibi Palfrey hakuwa amelala kwa kuwaza. Alisimama mezani, akakohoa, akaanza kuomba radhi kwa yaliyotokea Ijumaa, kwamba anajua wageni walitoka mbali wakitafuta utulivu, na kwamba ikiwa yupo aliyekwazika...

"Bibi," padre Lowther alikatiza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Alhamisi. "Pilau imebaki?"

Mwikali alicheka hata akamwaga chai. Wote wakacheka, na Bibi Palfrey mwenyewe akacheka mwishoni, mkono mdomoni. Mapenzi alikuwa ameweka sahani ya pilau kabatini, maana alikumbuka uso wa padre juu ya zile kunde. Akaipasha moto, akaileta, na mzee akala akisema kwamba huko aendako hakuna wa kumpikia hivi mpaka kufa kwake.

Walikuwa bado mezani ngazi ziliposikika. Bi Nabiha, ambaye hakuwa amepanda juu tangu aipangishe ghorofa ile, aliingia akihema, amevaa vizuri.

"Nimekuja kubadili sharti," alisema. "Jumapili, wimbo mmoja. Mmoja, si miwili. Na aimbe huyu." Akamwonyesha Mapenzi.

Bibi Palfrey aliikutanisha mikono yake kwa furaha. Wote wakamgeukia mpishi, na mpishi akaweka sahani mezani.

"Ahsante, Bi Nabiha," Mapenzi alisema. "Lakini sitaimba hapa."

"Kwa nini?"

"Naomba ruhusa Jumapili ijayo. Nataka kwenda Rabai."

Bibi Palfrey alisema, "Nenda," kabla hajamaliza. Lakini ruhusa ya wimbo ilikwisha tolewa, na padre Lowther hakutaka ipotee. Alisimama, akajipangusa ndevu, akaimba peke yake wimbo mrefu wa Kitaita alioutafsiri mwenyewe, akipotea njia mara kwa mara na kurudi kwa ujasiri. Bi Nabiha alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu za kwao. Kisha akamwambia Bibi Palfrey kwamba mafungo ya kimya ni jambo zuri sana na asiliwate.

Juma lililofuata Mapenzi alivuka kwa mashua mpaka gati la Rabai, akapanda kilima kwa miguu. Kanisani alikaa upande wa wanawake, nyuma. Mahali pa Chirau alisimama sasa kijana mwembamba aitwaye Kenga, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi; aliukimbiza wimbo kama anayefukuzwa na mvua. Ubeti wa kwanza Mapenzi alisikiliza tu. Wa pili akaingia, chini, kwa sauti ya pili, pale pale alipokuwa akisimama chini ya sauti ya mumewe. Sauti ilipasuka katikati, akaivuta, akaendelea. Mabibi wawili wa mbele waligeuka, wakamwona, wakageukia mbele tena, ila mmoja aliinua leso usoni. Kenga, aliposikia kitu kizito kimeingia chini yake, akapunguza mwendo. Walimaliza wote pamoja.

Alirudi Kizingo Jumatatu, na kapu la maembe madogo ya Rabai. Bi Nabiha alikuwa amekaa barazani kama mtu aliyekaa tu, lakini kiti alikielekeza njiani.

"Uliimba?"

"Niliimba."

"Vizuri?"

"Vibaya, mwanzoni."

"Si neno." Bi Nabiha alichagua embe, akalinusa. "Wale shangazi wa mume wa Alawiya wametuma mtu. Wana harusi yao mwezi ujao, mtaa wa nyuma ya Ngome. Hawamtaki mwingine. Bi Zubeida mwenyewe amesema mtashika pamoja, wewe na yeye. Nimewaambia nitakuuliza, maana wewe si wa kuamriwa."

Mapenzi alitua kapu. Akapangusa mchanga miguuni.

"Ni siku gani?"

"Jumapili."

"Jumapili sina nafasi," Mapenzi alisema. "Waambie waifanye Jumamosi."